Nilifunga Gari Saa ya Ijumaa

Nimekosa, ndugu zangu, na nilikosa nikiwa na udhu. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele, kanzu yangu imenyooshwa, uso wangu umeelekea kibla, na saa ileile kosa langu lilikuwa linawashika watu wangu barabarani. Sina wa kumsingizia. Naandika bila jina langu, na majina mengine nimeyageuza, kwa sababu ya binti yangu, ambaye bado anaishi katika nyumba yangu na bado ananipikia.

Mimi ni mzee wa hapa Kalemie. Babu zangu walikuja na biashara ya ziwa, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Nilisoma dini tangu utoto, na mpaka leo watu wa mtaa hunijia na maswali yao: mirathi, ndoa, talaka, saumu. Namshukuru Mungu kwa hilo. Nalitaja ili mjue kwamba sikukosa kwa kutojua. Nilijua! Hapo ndipo panaponiuma.

Mwanangu mkubwa, anayefanya kazi Kigoma, alininunulia gari ya viti saba, iliyokwisha kutumika Ujapani. Ilivuka ziwa, ikashuka bandarini kwetu watu wakiitazama. Chini ya usukani fundi wa Kigoma alikuwa amefunga kidude kidogo chenye laini ndani yake, kama laini ya simu yoyote. Kidude hicho kiliongea na simu yangu. Nikiwa nimekaa nyumbani niliiona gari kwenye ramani, nukta ya kijani inayotembea: sasa iko sokoni, sasa iko njia ya Bendera, sasa imesimama. Mwanangu alinionyesha pia picha ya kufuli. Ukiigusa, gari haisimami ghafla, hapana. Lakini moteri ikishazimwa, haiwaki tena mpaka uiguse kufuli mara ya pili.

"Papa, hii njo magari ya kesho," aliniambia, kwa ile "njo" yetu ya Kalemie ambayo ni "ndiyo" yenu. "Siku moja hata shofere hatakuwako. Gari itajiendesha."

"Na nani atasema Bismillahi?" nilimuuliza, tukacheka.

Aliyeiendesha ni Ramazani, mume wa binti yangu Asha. Mtu mpole, hodari wa kazi. Alibeba abiria kati ya Kalemie na Bendera, kule kwenye mitambo ya umeme. Machoni pangu alikuwa na ila moja tu: Ijumaa hakuonekana msikitini. Abiria hujaa adhuhuri, alisema, na barabara ile ni mbaya, lazima atoke mapema asije akaingiliwa na giza njiani.

Nilimsema mara nyingi. Kwetu mukwe habishani na baba mukwe wake. Akisemwa huinamisha kichwa na kujibu "ndiyo, Papa", na kama ana neno, hulituma kwa mke wake. Kwa hiyo aliyekuja kunijibu alikuwa Asha.

"Papa, Ramazani anasema muntu wa safari ana ruhusa. Anasema wewe mwenyewe njo ulimufundisha."

"Kwani yeye ana safari kila Ijumaa?"

"Njo kazi yake, Papa. Safari njo kazi yake."

Alikuwa na haki. Msafiri hana wajibu wa swala ya Ijumaa. Hata mtoto wa chuoni anajua. Mungu mwenyewe amempunguzia. Lakini wazee wenzangu waliniuliza kila wiki, "Mukwe wako yuko wapi?", na mimi niliona haya. Nawaambia ukweli wangu wote: nilitaka uso wake uonekane kwenye safu ili watu wasiniseme. Nikaita jambo hilo bidii ya dini!

Nikampigia simu mwanangu Kigoma. Nikamwambia nataka gari ilale wakati wa Ijumaa. Alifikiri natania. Alipoona sitanii, aliipanga kutoka kulekule aliko: kila Ijumaa, kabla ya adhana mpaka baada ya swala, kufuli ijifunge yenyewe na ijifungue yenyewe.

Ijumaa ya kwanza Ramazani alikuwa amekwisha kujaza abiria. Akazungusha funguo. Kimya. Kiti cha mbele alikaa Mama Furaha, muuza unga wa muhogo, mkristo, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Shofere, gari njo imeslimu?"

"Ngoja kidogo, Mama."

"Ningoje nini? Mimi niliisha kusali Siku ya Mungu! Iache gari isali peke yake, siye tutafutie ingine!"

Abiria walicheka mpaka wakashuka. Ramazani akaja msikitini, akakaa safu ya mwisho. Nilipogeuka baada ya salamu nilimwona, na moyo wangu ukajaa. Watu walinishika mkono nje. "Mzee, wewe umesilimisha mpaka gari!" Nikacheka pamoja nao. Astaghfirullahi, namna nilivyocheka!

Mukwe wangu hakulalamika. Ijumaa ikimkuta njiani, alikuwa haizimi moteri mpaka saa ya swala ipite. Hata akisimama kununua maji, moteri inanguruma. Alijifunza kuishi na kufuli yangu kama mtu anavyoishi na jino bovu, akitafuna upande mmoja.

Halafu vita ikapanda upande wa Bendera.

Kwanza zilikuja habari. Kisha wakaja watu wenyewe, magodoro kichwani, masufuria mkononi. Dada yangu Zaina alikuwa anakaa kule. Mume wake alifanya kazi kwenye mitambo mpaka akafa, naye akabaki katika nyumba yao na nyonga iliyovunjika ambayo haikuunga vizuri. Bila fimbo mbili hakuweza kwenda hata chooni. Atakimbiaje?

Nilimwita Ramazani. Nilianza kumwomba, naye akakubali kabla sijamaliza. "Ni mama yangu pia, Papa," alisema. Akaondoka siku ya Alhamisi, ili alale kule na kurudi kesho yake asubuhi.

Jioni ile Asha alinijia nikiwa nasoma.

"Papa, kesho njo Ijumaa. Toa ile kufuli."

"Watakuwa wamefika kabla ya adhana."

"Na kama hawakufika?"

"Mume wako anajua. Hatazima moteri."

"Papa, tafazali. Telefonia kaka Kigoma, atoe."

"Asha! Siku za vita njo siku za kushika swala, si za kuilegeza. Usinifundishe."

Alisimama kidogo mlangoni. Kisha akaenda zake. Kitu gani kingenipungukia, ndugu zangu? Simu moja tu kwa mwanangu! Lakini nilihisi kwamba nikiifungua kufuli kwa sababu ya hofu, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba simwamini. Ndivyo nilivyojidanganya, na maneno yalikuwa mazuri, kwa hiyo niliyaamini.

Yaliyotokea barabarani nilielezwa baadaye na Mama Furaha, ambaye Ramazani alimkuta Bendera na kumpakia pamoja na wengine. Walichelewa kutoka kwa sababu kila mtu alitaka kupanda. Ramazani aliendesha vizuri, moteri haikulala. Wakafika kwenye daraja la magogo. Pale abiria hushuka na kuvuka kwa miguu, gari ikapita tupu. Dada Zaina peke yake aliachwa ndani. Kabla ya daraja kulikuwa na askari.

"Zima moteri!" askari mmoja alisema.

"Shefu, nikizima haitawaka."

"Gari iliyotoka Bendera ikiwaka, itakatala kuwaka hapa? Unanidanganya mimi? Zima, tusikie kama kuna masasi!"

"Shefu, njo Ijumaa. Kuna kufuli..."

Yule askari alimtazama kama mtu anayemtazama mwenda wazimu. Ungefanya nini wewe mbele ya bunduki? Ramazani alizima.

Na masasi yakasikika, mlio wa risasi hasa. Hayakuwa mbali. Askari waliruka mtoni, abiria wakatawanyika kwenye majani. Ramazani akazungusha funguo. Kimya. Akazungusha tena.

Simu yangu ilikuwa imezimwa. Niliizima mlangoni mwa msikiti, kama nilivyowafundisha wengine kwa miaka mingi. Kwa hiyo alimpigia mke wake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo hasa. Yale ya nyuma yalikuwa ujinga wa mzee. Hili lilikuwa chaguo.

Imamu alikuwa katikati ya hotuba. Nikaona kivuli dirishani. Asha, kitenge kimeanguka mabegani, simu sikioni, anahema. Akasema kupitia nondo za dirisha, kwa sauti ya chini:

"Papa! Gari imezimika darajani. Kaka Kigoma naye yuko musikitini, telefone yake imezimwa. Fungua!"

Watu walisikia. Vichwa viligeuka. Mnajua kwamba wakati wa hotuba hakisemwi kitu; hata kumwambia jirani yako anyamaze ni makosa. Nililisomesha hilo mwenyewe. Nikamwinulia binti yangu kiganja: ngoja.

"Papa, bantu ba bunduki banakuja! Anasema banakuja! Fungua!"

Nikainamisha macho.

Ndiyo. Niliinamisha macho yangu kwenye mkeka, nikajiambia kwamba imebaki kidogo tu, hotuba ikwishe, rakaa mbili, kisha nitafungua. Asha hakuondoka. Nilimsikia palepale dirishani akisema na mume wake, "Ngoja, Papa anakuja, anakuja sasa hivi." Kisha nikamsikia akiita, "Alo? Alo? Ramazani?"

Tukasimama, tukaswali. Imamu alisoma sura gani, sijui mpaka leo.

Nilitoka bila viatu. Niliwasha simu, ikachelewa kuwaka kama inanifanyia makusudi. Nilipofungua ramani, nukta ilikuwa darajani, lakini haikuwa ya kijani tena. Ilikuwa ya kijivu. Nikagusa kufuli. Simu ikaandika kwamba gari haipatikani. Nikagusa tena. Haipatikani. Rezo ya upande ule, yaani mtandao wa simu, ilikuwa imekatika, na bila rezo kidude hakisikii neno langu, wala neno la kujifungua lenyewe baada ya swala. Kufuli ilikuwa imefika kabla rezo haijakufa. Ufunguo haukufika!

Nikampigia mwanangu. Alijaribu kutoka Kigoma, akalia kwenye simu. "Papa, mnara umekufa. Hata mimi sina la kufanya."

Asha alikuwa amekaa kwenye ngazi za msikiti, ameshika simu yake magotini. Hakulia. Hakunitukana. Heri angenitukana! Alisema neno moja tu:

"Alikuwa anaongea na mimi, Papa. Wakati wewe unaangalia mukeka, alikuwa anaongea."

Maana yake rezo ilikuwa bado iko. Kugusa kidole mara moja kungetosha.

Zilipita siku, Mama Furaha akafika kwa miguu, nyayo zimevimba, unga wake wote umebaki njiani. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu kabla ya kwenda kwake. Yule mwanamke wa utani wote ule aliongea polepole, akitazama chini.

"Alijaribu kumubeba Mama Zaina mugongoni. Mama akalia sana, ile nyonga. Akamurudisha ndani ya gari. Tukamwambia, shofere, kimbia! Mama Zaina naye anamwambia, mwanangu, kimbia! Akakatala. Akaingia, akafunga mulango, akaendelea kuzungusha funguo. Mimi nilimwacha akizungusha funguo."

"Hakusema kitu?" Asha aliuliza.

Mama Furaha alinitazama mimi. "Alinituma kwako, Papa. Alisema: mueleze Papa, moteri nilizima kwa amri, haikuwa kupenda kwangu."

Mukwe wangu aliniomba radhi! Katikati ya masasi aliogopa kwamba nitafikiri amenivunjia heshima. Sikuweza kukaa mbele ya wale wanawake. Nilitoka nje, nikashika ukuta.

Haikuishia hapo. Siku nyingine, baada ya swala ya alasiri, simu yangu ikalia. Nukta ilikuwa ya kijani! Rezo ya kule ilikuwa imerudi, na neno la kujifungua lililokuwa linangoja likafika lenyewe. Na gari ilikuwa inatembea.

Ilikuwa inatembea, lakini haiji kwetu. Ilikuwa inakwenda kaskazini, kuelekea milimani.

Tulikimbia na Asha mpaka kwenye biro, ofisi ya askari. Ofisa mmoja akachukua simu, akatazama ramani.

"Papa, hii unaweza kuikata?"

"Nikigusa hapa, itakaposimama na kuzimwa haitawaka tena."

"Basi gusa! Bale bantu bakisimama hata kukojoa, gari imekufa. Tutajua iko wapi."

"Na kama ni yeye njo anaendesha?" Asha alisema.

"Mama, bwana yako angekuja huku."

"Huku njia imefungwa, shefu. Wewe mwenyewe njo uliifunga. Kama amepata njia ile tu? Kama yuko na shangazi ndani?"

Ofisa akaitazama ramani tena. Kisha akanisukumia simu. "Papa, gari ni yako. Amua."

Nilishika simu. Kidole changu kilikuwa juu ya kufuli. Nikiifunga, labda nawakamata wezi. Labda naua watu wangu mara ya pili, palepale watakapothubutu kupumzika. Nikiiacha, inapotea. Nilimwomba Mungu anionyeshe. Nilisoma kila dua niliyoijua. Nukta ilipanda, ikapinda, ikapanda. Niliomba isimame nione watashuka nani, kana kwamba nukta ina mlango! Niliweza kujua mwendo wake, niliweza kujua inaelekea wapi, hata betri yake niliijua. Nani ameshika usukani, hilo mashine haikunionyesha.

Sikugusa. Nukta ikaingia milimani, ikawa ya kijivu. Haijawa ya kijani tena.

Mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Nimeuliza kwa watu waliotoka kule, kwa mapadri wa Mpala, kwa masheikh wa Kigoma, kwenye kambi za wakimbizi. Wengine wanasema waliona gari kama ile. Magari kama ile ni mengi. Namshukuru Mungu kwa kila hali, na shukrani hiyo naisema meno yamekazana, naye anajua.

Juzi Asha aliniletea chai. Hakuondoka. Akakaa chini kwenye mkeka, kama wanavyokaa wanawake wanaokuja kuniuliza mambo ya dini.

"Papa, wewe njo unajibia bantu. Unijibie na mimi. Nikae eda, ao ningoje bwana?"

Najua wanazuoni wameandika nini juu ya mke wa mtu aliyepotea. Vitabu viko nyuma yangu kwenye rafu. Nimewajibu wanawake wengine swali hilo, tena kwa urahisi, nikiwataja maimamu mmoja mmoja na muda wao. Lakini ili nimjibu huyu, lazima kwanza niseme kwa kinywa changu kama mume wake yu hai au amekufa, na aliyeifunga gari yake ni mimi.

"Sijui, mwanangu," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Akainuka, akaenda kutoa mashati ya Ramazani sandukuni na kuyaanika juani, maana mvua za mwaka huu zimeyatia ukungu. Aliyaanika moja moja, akiyanyoosha kola.

Ninyi mnaonunua magari haya ya simu, sikilizeni mzee aliyeharibu. Yatakuja mengi zaidi, yenye akili kuliko hii, na kila moja litakuwa na mtu aliyekaa mbali ameshika kufuli yake: baba, tajiri, bosi, mkopeshaji. Mtu huyo hatausikia mlio wa risasi. Ataona nukta. Kabla hujaifunga njia ya mwenzako, hata kwa ajili ya jambo jema, hata kwa ajili ya Mungu, uliza kama Mungu mwenyewe ameifunga. Mimi sikuuliza, na jibu nilikuwa nalo.

Na wewe mcha Mungu mwenzangu: binti yako akikuita dirishani, toka. Kata hotuba, kata rakaa, pita juu ya mabega ya watu, toka bila viatu. Toka! Swala inalipwa.